Sheshkala Aliyejiziba Mdomo

Mtaani kwetu, kando ya mfereji wa mji wa Girsu, ukitaka kumcheka Sheshkala ilibidi uwahi, maana mwenyewe alikuwa keshajicheka kabla hujafungua mdomo. Alikuwa fundi kalafati, kazi yake kuziba mashua kwa lami, na lami hiyo ilimkaa kwenye kucha, kwenye viwiko na kwenye ndevu chache alizojaliwa. Ukimwuliza, "Habari za kazi, fundi?" alikujibu, "Nzuri. Jana nimeziba mashua ya Ursag na sikio langu la kushoto." Alijiita kichwa cha kambare. Alijiita gunia la shayiri lililoota miguu. Tumbo lake lilitangulia kufika kila alikokwenda, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitangaza. Watu tulimpenda kwa hilo.

Lakini kujicheka kwa Sheshkala kulikuwa na ujanja ndani yake. Mtu anayejitukana mwenyewe huchagua tusi. Hulichukua lile dogo, lenye kuchekesha, akaliweka mbele ya watu, na lile kubwa akalikalia. Sisi hatukulijua hilo. Aliyelijua ni mkewe peke yake.

Mkewe, Ninhedu, alipika bia na kuiuza pale pale mlangoni. Wavuta mashua wakishatoka kazini walikaa kuuzunguka mtungi, kila mtu na mrija wake wa tete, wakanyonya na kusikiliza. Bia yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa ya hivi hivi. Siku nyingine ilikuwa na makapi ya kutosha kunenepesha bata. Watu walifuata ulimi wa mama mwenye nyumba. Ninhedu aliweza kumvua mtu nguo bila kumgusa, na mtu huyo akaondoka anacheka, kesho akarudi kuvuliwa tena.

Sasa, kulikuwa na kisa ambacho Sheshkala alikisimulia kila mwaka maji yanapopanda. Siku moja, akiwa kijana, aliketi ndani ya mashua kula kitunguu, kumbe amekalia lami ambayo haijapoa. Akagandana nayo. Mashua ikachukuliwa na maji, naye juu yake, akapambana na mkondo mpaka alipoliacha shuka lake limeganda pale na kuogelea hadi ukingoni uchi wa mnyama. Kwa jinsi alivyokisimulia alikuwa mpumbavu, ndiyo, lakini mpumbavu shujaa.

Jioni moja alipomaliza, na watu wamecheka kiasi chao, Ninhedu akaweka kata yake chini.

"Baba, umesahau kusema kitu."

"Kitu gani?"

"Kamba."

Sheshkala akainamia mrija wake.

"Kamba gani tena, shemeji?" akauliza Ursag, mvuta mashua mmoja mwenye mabega ya fahali na masikio ya mbea.

"Mashua ilikuwa imefungwa," Ninhedu akasema. "Haikwenda popote. Huyu alifumba macho kwa woga, akapiga mayowe kwamba anazama, anamwita mama yake. Na mama yake amesimama hapo hapo ukingoni anaosha samaki. Akamwambia, mwanangu, hebu fumbua macho."

Ursag alicheka hadi bia ikamtoka puani. Mwingine aliuma mrija ukakatika. Sheshkala naye alicheka, tena kuliko wote, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe. Ndani alikuwa anaungua. Kujicheka ilikuwa kazi yake, na hakuwa ametafuta msaidizi.

Asubuhi yake, bado amenuna, akaenda kwa Amarezem mchongaji. Walikuwa wamekubaliana tangu zamani: Sheshkala amletee lami ya kushikizia macho ya sanamu, na Amarezem amchongee sanamu yake ya kusimama mbele ya Bibi Bau, mungu wa kike wa mji wetu. Kwetu kila mwenye uwezo kidogo huweka sanamu hekaluni. Wewe unakwenda kazini, unalala, unalewa, na mwenzako wa jiwe amesimama pale amefumbata mikono anakuombea. Sheshkala aliitamani sana hiyo, maana hekalu lilikuwa na ngazi, na yeye na ngazi hawakupatana.

"Hii ndiyo mimi?" akauliza. Sanamu ilikuwa na kiuno chembamba, mabega mapana na macho ya kombe yaliyotumbuliwa kama ya mtu aliyeona nyoka. "Mbona nina kiuno?"

"Wote mna kiuno," Amarezem akasema.

"Na yule pale?"

"Yule ni mwuza vitunguu wa karibu na lango."

"Tumetoka tumbo moja, naona."

"Bibi Bau anawajua watu wake, fundi. Mimi nachonga tu. Haya, nipe jina lake nilitie begani. Aseme nini?"

Maana jina la sanamu ndilo ombi lake. Ulilolichonga ndilo analolisema mbele ya Bibi asubuhi na jioni, bila kuchoka wala kubadilisha. Sheshkala alikuwa amepanga kuomba uhai mrefu na magoti mazuri. Lakini kicheko cha Ursag kilikuwa bado kinamlia masikioni.

"Aseme hivi: Bibi yangu, mnyamazishe Ninhedu."

Patasi ya Amarezem ikasimama hewani. "Ninhedu yupi? Shemeji?"

"Una Ninhedu mwingine unayemjua mwenye kelele?"

"Fundi, watu huomba uhai. Huomba watoto, shayiri, mgongo usiwaume."

"Na mimi naomba uhai. Chonga."

"Ukishachonga hakifutiki, unajua."

"Wewe bwana, unachonga au niyang'oe macho hayo nichukue lami yangu?"

Amarezem akachonga. Siku ile ile wakaipeleka hekaluni, ikaoshwa mdomo kama inavyotakiwa ili iweze kusema, ikawekwa kwenye benchi la matofali katikati ya wenzake, inamtazama Bibi Bau. Sheshkala akashuka ngazi anapiga mluzi. Alipofika nyumbani hasira zilikuwa zimekwisha, kwa sababu Ninhedu alikuwa amempikia samaki kwa vitunguu, na hasira za Sheshkala hazikuwahi kushinda samaki kwa vitunguu. Akasahau kabisa alichokiomba. Kilichobaki kichwani mwake ni ile raha ya kuwa na mwakilishi. Alijilaza mkekani na mrija mdomoni, na mtu akimwita alijibu, "Niacheni, niko hekaluni naomba."

Msimu wa kupanda shayiri ulipofika, pamoja na ule upepo wake wa baridi, Ninhedu akashikwa na homa. Homa ilipotoka iliondoka na sauti. Kwanza ilikwaruza, kisha ikawa mnong'ono, kisha midomo ikawa inacheza tu na hakitoki kitu. Mganga akaja. Akamnywesha haradali katika bia ya moto, akamkanda shingo kwa mafuta ya samaki mpaka nyumba nzima ikanuka, akamchungulia kooni, akatikisa kichwa.

"Koo halina kitu," akasema. "Hapa kuna mtu amemwombea mabaya. Mama, una adui?"

Ninhedu akatikisa kichwa. Na kweli, mwanamke huyu alikuwa amemtukana kila mtu kuanzia gatini hadi langoni, na hapakuwa na hata mmoja aliyemchukia.

"Mtu gani huyo wa kumwombea Ninhedu mabaya?" Sheshkala akafoka. "Mpumbavu gani?"

Ndipo akakumbuka ni mpumbavu gani. Akatoka nje, akajifanya anatazama mtungi.

Jioni ile na zilizofuata wateja walikuja kama kawaida, na Sheshkala akajitahidi kuwachangamsha. Akasema yeye ni gunia la shayiri lililoota miguu, kisha akangoja. Hakujua anangoja nini, ila kimya kilipozidi ndipo alipotambua. Miaka yote hiyo yeye alikuwa anasema la kwanza, na Ninhedu kutoka kule jikoni anasema la pili, na watu walikuwa wanacheka kwa lile la pili. Sasa wavuta mashua walinyonya bia wakitazama vidole vya miguu yao. Wakaanza kuyaona yale makapi.

"Shemeji anaendeleaje?" Ursag akauliza siku moja, akiuchomoa mrija wake mtungini.

"Hajambo."

"Basi atakapopata sauti tutakuja."

Watu hawakuja tena, na Sheshkala hakuwalaumu. Hata yeye, angekuwa na pa kwenda, angekwenda. Nyumba ilimwogopesha. Ninhedu alisaga, alipika, alifagia, na usingesema kuna mtu. Wakati mwingine Sheshkala alimkuta amesimama mlangoni anajaribu, shingo imemtoka mishipa, na hakitoki kitu, kisha anafuta machozi kwa kiganja haraka kabla hajaonekana. Sheshkala alimpenda mke wake. Hakuwahi kulisema, kwa kuwa hakuwahi kupata nafasi ya kusema lolote, na sasa nafasi ilikuwa tele na hakuweza.

Akazipanda ngazi za hekalu, anahema. Mwangalizi wa sanamu alikuwa mama mmoja mtu mzima aitwaye Gemebau, aliyezifuta vumbi na kuzijua zote kwa maombi yao.

"Mama," Sheshkala akasema, "nimekuja kuchukua sanamu yangu. Ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Ya kiuno."

"Baba, kilichopewa Bau ni cha Bau. Ukikitoa, au ukilifuta jina lake, na jina lako lifutwe, na mbegu yako ikatike. Hayo si maneno yangu."

"Hata kama mwenye sanamu alikuwa mjinga siku ile?"

Gemebau akageuka akalisoma lile bega, akamtazama Sheshkala kuanzia juu hadi chini. "Kumbe ndiwe wewe," akasema. "Nimekuwa nikijiuliza ni mwanamume wa namna gani. Nilidhani atakuwa mrefu."

Sheshkala akapiga magoti kando ya sanamu yake na kuanza kusema kwa haraka, "Bibi yangu Bau, usimsikilize huyu. Namfahamu vizuri. Ni mropokaji, hana akili, siku ile alikuwa hajanywa hata uji." Akaendelea hivyo mpaka magoti yakamsaliti.

"Ukiondoka wewe, yeye anaendelea," Gemebau akamwambia huku akimpangusa mtu mwingine wa jiwe pua. "Wewe unaomba muda wa dengu kuchemka. Yeye hasinzii, hali, hatoki nje kwa haja. Unafikiri Bibi atamsikia nani?"

Sheshkala alikaa gatini siku nzima anawaza, jambo ambalo hakulizoea, na likamwumiza kichwa. Kufuta hawezi. Kuvunja hawezi. Kushindana na jiwe kwa kusimama hawezi. Hata kushindana nalo kwa kiuno alikuwa ameshindwa. Akautazama mtungi wake wa lami ukichemka, mapovu yanapasuka taratibu. Akasimama wima. Kama kulikuwa na kitu kimoja duniani alichokijua, ni kuziba.

Kesho yake alipanda ngazi na kikopo cha lami ya moto chini ya shuka. Hiyo ilimwunguza paja kila alipoinua mguu, na watu waliomwona wakasema fundi siku hizi amekuwa mcha Mungu, anapanda ngazi huku analia. Alimngoja Gemebau aende uani kuchota maji. Kisha akachota lami kwa kijiti, akaiziba ile midomo ya jiwe barabara, kona hadi kona, akailainisha kwa dole gumba. Kalafati safi. Mashua iliyozibwa hivyo ingefika baharini na kurudi. Sanamu ikabaki imetumbua macho, na Sheshkala akaona kana kwamba inataka kumwambia jambo.

"Sema sasa," akamnong'oneza.

Alilala usingizi wa mtu mwenye akili. Kulipopambazuka, shavu lake lilikuwa limeumuka kama mkate, taya limekaza, na jino la gego linampiga mapigo hadi kwenye nyayo. Alitaka kumwita Ninhedu. Kilichotoka ni "Mmm."

Alielewa pale pale, kabla hata hajakaa kitako. Si sanamu ya mwuza vitunguu aliyoiziba. Amejiziba mwenyewe. Mwanamume mzima amebeba lami yake, akaungua paja lake, akapanda ngazi asizozipenda, kwenda kujikalafati mdomo. Angeweza kucheka angecheka, maana hakuwahi kujipatia kisa kizuri kama hicho, na ndicho pekee alichoshindwa kukisimulia.

Dawa yake aliijua. Arudi, akwangue ile lami, taya lifunguke. Lakini mdomo wa jiwe ukifunguka, utasema nini? Utaanza pale pale ulipoachia. Sheshkala akajishika shavu na kuamua kuvumilia. Haikuwa kawaida yake kuvumilia. Huyu alikuwa mtu wa kulala kitandani kwa mwiba wa samaki. Lakini alivumilia, na kila asubuhi alimtazama Ninhedu kooni kwa matumaini kama mtu anayengoja mbegu iote.

Ikawa nyumba ya mabubu wawili. Aliomba kitunguu kwa mikono akapewa ufagio. Ninhedu aliomba maji akaletewa bata. Mara nyingine walikaa wakitazamana, kila mmoja ana maneno yamejaa mpaka hapa, wakaishia kupumua. Na mwanamke yule, ambaye bado alikuwa mgonjwa, alimlowekea mume wake mkate katika bia ukawa uji, akamlisha kwa kidole, akampashia chumvi katika kitambaa na kumkanda shavu. Sheshkala alifumba macho ili asimtazame. Maumivu ya jino aliyaweza. Ile chumvi ya moto, inayotoka katika mkono wa mtu aliyemfanyia vile, ndiyo ilikuwa inamshinda.

Uvimbe ulizidi. Ukashuka shingoni, jicho moja likafumba, homa ikapanda. Mganga alikuja akasema ni mdudu wa jino, na kama hatatoka, huyu bwana hamalizi mwezi. Ninhedu alimsindikiza mganga hadi nje, akarudi ameshika ukuta.

Siku ile ile Gemebau akaingia, anahema, na ufagio wake bado mkononi.

"Yuko wapi?" akasema. "Yuko wapi fundi wa lami? Mama, samahani, sijakusalimu, hasira zimenizidi. Mumeo ameziba mdomo wa sanamu yake! Mwaka wa ngapi niko pale, nimeona watu wanazipaka sanamu siagi, wanazivisha shanga, sijawahi kuona mtu anaitia kalafati!"

Sheshkala, kutoka kitandani, akapunga mikono yote miwili. "Mmm! Mmm!"

"Usinifanyie mmm. Na afadhali basi angekuwa ameziba ombi la maana. Kumbe ombi lenyewe ni lile la kijinga, eti Bibi yangu, mnyamazishe Ninhedu—"

Gemebau akaushusha ufagio. Alikuwa amemtazama Ninhedu usoni, na Ninhedu alikuwa ameshika koo lake.

Sheshkala alitamani sakafu ipasuke imchukue pamoja na kitanda. Maisha yake yote alikuwa na dawa ya aibu: kuiwahi kabla haijatangazwa na mwingine. Sasa ile kubwa aliyokuwa ameikalia ilikuwa imesimama katikati ya nyumba, na hakuwa na mdomo wa kuiwahi. Alimtazama mkewe kwa jicho moja. Ninhedu hakulia wala hakumpiga. Alifikiri kidogo. Alitazama shavu la mume wake, akatazama koo lake mwenyewe kana kwamba anaweza kuliona, kisha akachukua kisu cha kukwangulia magamba ya samaki na kibuyu cha mafuta, akatoka.

"Mama, unakwenda wapi?" Gemebau akamkimbilia. "Mama, kisu hicho cha nini?"

Sheshkala akainuka. Hajui alizipanda vipi zile ngazi. Baadaye alisema alizipanda kwa tumbo. Alipoingia hekaluni Ninhedu alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi, ameishika ile sanamu shingoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaipaka midomo mafuta na kukwangua. Hakugusa bega. Hakuligusa lile jina. Alikuwa anaufungua mdomo ule, mdomo unaoomba yeye anyamaze, ili mume wake aweze kufungua wa kwake.

Sheshkala akauona uso wake, amekunja ndita kama anavyokunja akitoa mwiba katika mguu wa mtu, na moyo wake ukakatika. Akajitupa pale, akaufunika mdomo wa jiwe kwa kiganja. Ninhedu akakitoa kiganja. Sheshkala akakirudisha. Ninhedu akamsukuma. Yeye akalikumbatia jiwe. Wakavutana pale mbele ya Bibi Bau, mabubu wawili, bila neno, pumzi tu na kukwaruzana kwa miguu, huku mwuza vitunguu na wenzake wote wametumbua macho.

"Acheni kelele hekaluni!" Gemebau akapiga kelele.

Ninhedu akavuta mkono wake kwa nguvu, na kiwiko kikampata Sheshkala kwenye shavu, pale pale. Jipu likapasuka. Naye akatoa ukelele ambao gatini waliusikia wakadhani fahali ameanguka mferejini. Akatema, akatema tena, akaegemea benchi akitetemeka, na taya likaachia. Ninhedu akatumia nafasi hiyo kukwangua kipande cha mwisho. Kisha akaigonga sanamu konzi ya kichwa, akageuka akamgonga na mwenyewe.

"Bibi yangu," Sheshkala akasema, na maneno yalitoka yamelowa damu, "usimsikilize huyu. Ni mimi, lakini usimsikilize. Mashua ilikuwa imefungwa, ndiyo. Nililia, nilimwita mama yangu. Mwache aseme. Mwache awaambie wote. Mimi ni mtu mwoga, nina kiburi cha jogoo, na mwanamke huyu nampenda, na sijui nitaishi vipi katika nyumba ile akiwa hasemi."

Akalia wazi wazi, kamasi na lami na mafuta vimechanganyika. Ninhedu akamfuta uso kwa ncha ya shuka lake. Kisha akamwinua, wakashuka.

Tangu siku ile Sheshkala alipanda zile ngazi kila asubuhi kabla ya kazi kwenda kubishana na nafsi yake. Mtaa mzima ukajua, maana mwenyewe alitusimulia, kiwiko, konzi, kamba na vyote, safari hii bila kuchagua. Tulicheka, lakini si kama zamani, kwa sababu kila alipofika mwisho aligeuka kutazama jikoni, na jikoni kulikuwa kimya. Upepo wa baridi ukaisha. Shayiri ikatoa masuke. Ninhedu bado alisema kwa mikono, na mganga akaacha kuja. Gemebau alimwambia koo ni kama nyama nyingine, litapona au halitapona, na Sheshkala akamjibu kwamba yeye hajui mambo ya koo, anachojua ni kwamba kuna mtu pale kwenye benchi hapumziki.

Siku moja wakati wa mavuno alikuwa amefanya kazi mpaka mgongo umekataa. Asubuhi ilipofika akaisikia, akajigeuza upande wa pili, akavuta shuka juu ya kichwa. Leo tu, akajiambia. Bibi Bau ana watu wengi, hatagundua.

"Wewe."

Ilikuwa sauti mbaya sana, sauti ya mkeka unaochanwa. Sheshkala hakuthubutu kutoa kichwa nje ya shuka.

"Wewe, gunia," ikasema tena, ikakohoa, ikaanza upya. "Ondoka kitandani. Mwenzako keshaanza kuomba."